Pamba Kwenye Mshono

Siku ya tatu baada ya kupasuliwa, saa sita mchana, Wankyo alihisi mtoto anacheza tumboni.

Mtoto mwenyewe alikuwa amelala pembeni yake, kafungwa kwenye kitenge, kanyonya kashiba, mdomo wazi. Wankyo alimtazama, akaweka kiganja juu ya bandeji, akasubiri. Pigo likaja tena, chini kidogo ya mbavu za kulia, palepale alipozoea kupigwa teke tangu mimba ilipofika mwezi wa sita. Mtoto wa pembeni hakutikisika.

"Nesi," aliita kwa sauti ndogo, maana kucheka, kukohoa na kuita vyote vilimuuma sawasawa.

Nesi Euphrasia alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mikono myepesi. Ndiye aliyempokea siku ile alipofikishwa hospitali hapo Musoma, na ndiye aliyemweleza kila kitu kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Utanyolewa, alimwambia. Utawekewa mpira wa mkojo. Utavutishwa dawa inayonuka mpaka ulale, na ukiamka utatetemeka kwa baridi, usiogope. Kesho yake nitakushusha kitandani utembee, na utanichukia. Ukitaka kukohoa, kandamiza khanga iliyokunjwa juu ya mshono. Na uji hupewi mpaka ujambe, kwa hiyo usione aibu, jamba tu, wodi nzima tutafurahi.

Yote yalitokea vilevile alivyosema, hata lile la kufurahi, kwa hiyo Wankyo alimwamini kuliko alivyowahi kumwamini mtu asiye wa kwao.

"Nesi, katika yale uliyoniambia hukusema mtoto atabaki anachezaga ndani."

Euphrasia alicheka. "Huo ni mfuko wa uzazi unajirudi. Wengi huwaga wanasikia hivyo. Siku mbili tatu, umeisha."

Wankyo akatulia. Lakini alikuwa ameishi na mateke miezi mitatu mizima, na tumbo linalojirudi alikuwa analisikia pia, maumivu ya kubana na kuachia kila mtoto anaponyonya. Hiki kilikuwa kingine. Hiki kilikuwa na kisigino.

Mama mkwe wake, Marieta, alikuwa analala kwenye mkeka chini ya kitanda, kama walivyofanya wauguza wagonjwa wote. Huyu mama tumseme kidogo, maana hadithi ni yake pia. Kijijini kwao Guta, karibu na Bunda, alijulikana kwa maneno aliyokuwa akiyasema siku zote, kwamba mwanamke hapasuliwi kama samaki, na aliyepasuliwa hana nguvu tena ya kushika jembe. Wankyo aliolewa akiyajua maneno hayo. Alijua pia kwamba mume wake, Wambura, alikuwa na mke kabla yake, jina lake Boke, na Boke alifia kwenye uchungu nyumbani. Marehemu na mtoto wake walizikwa makaburi mawili, kubwa na dogo, nyuma ya mji wa zamani, pale walipoishi kabla ya kuhamishwa.

Kwa hiyo uchungu wa Wankyo ulipoingia siku ya pili bila mtoto kutoka, alijua atafia humo ndani. Kumbe Marieta huyohuyo ndiye aliyetoka mbio bila viatu, akasimama katikati ya barabara mbele ya lori la ushirika lililokuwa limeleta dawa ya kunyunyizia pamba, akamwambia dereva amkanyage au ambebe mkwe wake mpaka Musoma. Dereva akaona afadhali Musoma. Njia nzima mama yule alikuwa amemshika Wankyo kichwa na kurudia neno moja: "Huyu atafunguliwa. Huyu atafunguliwa."

Wankyo alimpenda kwa hilo. Hakujiuliza yule ambaye hakufunguliwa ni nani.

Siku ya nne, saa ya kutazama wagonjwa, wodi ilijaa watu na vikapu. Marieta alikuwa amekwenda kufua. Mwanamke mmoja mjamzito akaja akasimama miguuni pa kitanda, khanga ameifunga juu chini ya matiti, tumbo limeshuka kabisa, tumbo la mtu wa leo au kesho. Wankyo alidhani amekosea wodi. Miguu yake ilikuwa na udongo mweusi mpaka kwenye magoti, udongo mbichi, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima.

"Pole," alisema yule mwanamke. "Uchungu wako ulikuwa wa siku ngapi?"

"Siku mbili."

"Wangu ni wa siku nyingi."

"Kaa basi, dada. Nimwite nesi?"

"Hapana. Nesi si wa kwetu." Akazunguka kitanda polepole, ameshika kiuno, na harufu ya shamba lililotoka kulimwa ikaja pamoja naye, ikaizidi hata ile ya dawa ya kusafishia sakafu. "Kwetu mama ndiye afunguaye. Alikataa. Sasa wewe mlango wako bado mbichi, mtoto wangu atapita hapo. Hutaumia sana."

Akaweka mkono juu ya bandeji. Mkono ulikuwa wa baridi, na chini yake, ndani ya tumbo la Wankyo, kitu kikageuka kutoka ubavu huu kwenda ubavu ule, taratibu, kama mtu anayejigeuza usingizini.

Wankyo alipiga kelele. Watu wakageuka, wakamwona yeye tu, anahema, amekumbatia tumbo. Mama wa kitanda cha pili, mtu wa kisiwa cha Rukuba, akasema ni jini la ziwani, linapendaga wazazi. Euphrasia akasema ni homa. Akampima, homa haikuwapo, akamfungua bandeji atazame mshono.

"Nani amekuwekea uchafu huu?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa kali. "Nimekuambia mshono hauguswi!"

Alikuwa ameinua kwa koleo kipande cha pamba. Haikuwa pamba ya hospitali, ile nyeupe inayotoka kwenye karatasi ya buluu. Ilikuwa pamba ya shambani, ya njano, iliyoloa, ile wakulima wanayoiita fifi na kuitenga pembeni kwa sababu haina bei, na mbegu zake bado zimo ndani. Ulikuwa mwezi wa pili. Mashamba yote ya Bunda pamba ilikuwa haijapita magoti, hakuna mtu aliyekuwa na pamba yenye mbegu.

Wakati huohuo Marieta aliingia na beseni la nguo. Aliiona ile pamba kwenye koleo. Beseni likaanguka, maji yakatapakaa sakafuni, na yeye hakuinama kuliokota.

"Mama, ni nini?" Wankyo aliuliza.

"Hakuna kitu, mwanangu," Marieta alisema. "Mkono umeteleza."

Nyuzi zilitolewa siku ya nane. Mshono ulikuwa umeshika vizuri, isipokuwa katikati palibaki tundu dogo, sawa na punje ya mahindi, lisilotoa usaha wala damu. Daktari alilitazama, akalibonyeza, akasema ni nadra lakini litaziba. Usibebe ndoo. Usilime miezi mitatu. Usishike mimba miaka miwili. Likiongezeka, rudi haraka, tutakufungua tena. Siku ya kumi na mbili Wankyo akarudishwa Guta na mtoto wake wa kike, ambaye Wambura alimpa jina la Hana.

Nyumba yao sasa ilikuwa kwenye mstari wa kijiji, mlango unatazama barabara, kama wote waliohamishwa mwaka uliopita kuja kuishi kijiji cha ujamaa. Mji wa zamani ulikuwa umebaki mahame, mwendo wa nusu saa, na kabla ya mvua za kupandia trekta la kijiji lilikuwa limepita hapo likayalima mahame yote kuwa shamba moja la pamba la ujamaa. Watu walishangilia siku ile. Marieta peke yake ndiye aliyelia, na watu walidhani anaililia nyumba yake.

Tundu halikuziba. Siku ya kwanza nyumbani lilikuwa punje, siku ya tatu ncha ya kidole, na halikuuma, na hilo ndilo lililomtisha Wankyo zaidi. Kila mchana, wanaume na wanawake walipokuwa shamba la ujamaa na kijiji kimenyamaza, harufu ya udongo uliolimwa iliingia kwanza, kisha nyayo nzito za mtu anayetembea kwa kupumzika zikasikika zikizunguka nyumba, zikasimama, zikazunguka tena, na sauti ya mwanamke ikaguna kama anayeguna akibanwa na uchungu. Kila mguno ulipotoka nje, kitu kile ndani ya tumbo kilijibu, kikasukuma, kikateremka kidogo, mpaka Wankyo akawa anajifunga khanga mbili tumboni na kukandamiza kwa mikono yote miwili, jasho linamtiririka, mtoto wake analia njaa kitandani naye hathubutu kuachia mkono hata mmoja amchukue, kwa maana alijua, bila kuambiwa na nesi wala na mtu yeyote, kwamba akiachia tu mshono utaachana kama gunia lililochakaa na kile kitatoka, na yeye hatakuwapo tena wa kumlea Hana.

Siku ya tano alimkuta Marieta amekaa nyuma ya mlango, amefunika uso kwa khanga.

"Mama," Wankyo alisema kwa mnong'ono. "Unamsikia?"

Marieta akakubali kwa kichwa.

"Ni nani?"

Mama yule aliibana khanga zaidi usoni. Kisha akasema, bila kufunua uso:

"Boke."

Akaeleza. Kwao, mwanamke akifa na mimba hazikwi nayo. Mwanamke wa ukoo huingia peke yake na wembe mpya, akamfungua marehemu, akamtoa mtoto, wakazikwa mbalimbali. Wasipotenganishwa, mama huendelea na uchungu hukohuko chini.

"Wambura alitakaga kumpeleka Musoma. Mimi ndiye nilikataa. Nilisema mke wa mwanangu hapasuliwi. Siku tatu, mwanangu. Siku tatu anaitaga mama, mama, na mimi nasema sukuma. Alipokufa wakanipa wembe. Nikaingia, nikafunga mlango. Mkono ulikataa. Nilimtazama tumbo, nikaona kama linacheza." Akalizungusha pindo la khanga kidoleni. "Kulikuwa na gunia la fifi pembeni. Nikachota, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaifanya kichwa, nikaifanya miguu. Nikatoka nikasema nimemaliza. Wakaizika pamba. Boke wakamzika na mtoto wake."

Wankyo alitaka kumchukia. Alijaribu kweli. Lakini alikumbuka mikono ile iliyomshika kichwa ndani ya lori, akashindwa, akaanza kulia tu, taratibu, kwa sababu kulia kwa nguvu kulisukuma mshono.

Jioni hiyo Marieta alipanda basi mpaka njia panda ya Butiama, akarudi kesho yake na Mzee Machage. Huyu mganga alikuwa mtu mfupi, mwenye koti la mvua hata juani, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama kijiji cha Guta kitamwandikia barua kwa mwenyekiti wake, maana amekosa zamu ya shamba la ujamaa kwa ajili yao. Kisha akamtazama Wankyo tumbo, na mzaha ukamwisha.

"Kimeshuka," alisema. "Leo, si kesho."

Walikwenda mahame saa sita, watu walipokuwa wamepumzika kula. Wankyo alikuwa amekalishwa nyuma ya baiskeli, Wambura anaisukuma, Marieta amembeba Hana. Wambura alikuwa ameambiwa na Wankyo usiku uliopita. Hakuwa amesema neno lolote kwa mama yake tangu hapo.

Shamba la ujamaa lilinyooka mistari kwa mistari, miche yote ya urefu mmoja, chini ya magoti. Katikati yake, mahali trekta lilipopita juu ya makaburi, kulikuwa na mche mmoja mrefu kuliko mtu, umefunguka pamba mwezi wa pili, pamba ya njano inayoning'inia mpaka chini.

"Huu nani alipanda?" Machage aliuliza.

"Mimi," Marieta alisema. "Ni mbegu za ile fifi."

"Basi wewe ndiye wa kuchimba. Kaburi la pili lilikuwa wapi?"

Marieta alihesabu hatua saba kutoka kwenye mche, akaanza. Wambura aliona mama yake anavyohema, akamnyang'anya jembe, akachimba mwenyewe bila kumtazama. Udongo ulikuwa laini mno. Walipomfikia Boke, Machage alimwambia Wambura atoke, Marieta ashuke na wembe.

Alishuka. Walimsikia anasema, "Nimekuja, mwanangu. Nimechelewa." Wakasikia anapapasa udongo. Kisha akasema kwa sauti ambayo Wankyo hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima, "Mzee, mtoto hayupo."

Mifupa ya kiuno ya Boke ilikuwa mitupu. Katikati yake kulikuwa na bandeji moja ya hospitali, safi, imekunjwa.

Hapo Wankyo akadondoka kutoka kwenye baiskeli. Khanga zote mbili zilikuwa zimelegea zenyewe. Alihisi mshono unapanuka upande huu na upande huu, bila maumivu, na upepo wa mchana ukamgusa mahali ambapo upepo haupaswi kumgusa mtu. Mwishoni mwa mistari ya pamba, mwanamke mwenye udongo magotini alikuwa amesimama, ameshika kiuno, anasubiri.

"Kinataka tumbo au kinataka udongo," Machage alisema harakaharaka, "na udongo mlishakidanganya nao mara moja. Hakitaukubali. Kikitoka kwa huyu, anakufa. Mtoto aitwe na aliyemnyima njia. Aitwe kwenye tumbo lingine."

"Tumbo gani?" Wambura alifoka. "La nani?"

Marieta alikuwa ameshatoka kaburini, udongo mpaka kwenye magoti. Alipiga magoti, akaweka shavu lake juu ya tumbo la Wankyo, kama bibi anayesikiliza mimba ya mkwe wake, akaanza kunong'ona.

"Mjukuu wangu. Ni mimi bibi yako. Mimi ndiye niliyekufungia mlango. Mwache huyu, ana mtoto wa kunyonyesha. Njoo kwangu. Njoo, kwa bibi kuna nafasi. Njoo."

"Mama, usifanye hivyo," Wankyo alisema.

"Nyamaza, mwanangu. Sukuma."

Wankyo akasukuma. Kitu kikamtoka bila kutoka mahali, uzito wote mara moja, akabaki mwepesi mpaka akahisi kizunguzungu. Alipojishika tumbo, mshono ulikuwa umefumba, mkavu, mstari tu. Marieta alikuwa amejiinamia, mikono yote miwili kwenye khanga yake, akasema "Uuh," kama wanawake wanavyosema teke la kwanza linapowapata.

Mwishoni mwa shamba Boke alisimama kidogo. Tumbo lake lilikuwa limeingia ndani. Akageuka, akaondoka kwa hatua nyepesi za msichana.

Machage aliifukia mifupa kwa mikono yake, akaung'oa mche, akaondoka bila kudai hata ile barua.

Mshono wa Wankyo ulipona kama Euphrasia alivyosema. Uliwasha wiki ya sita, ukawa na ganzi juu ya ngozi, ukabadilika rangi. Miezi mitatu ilipotimia alishika jembe, na mkono wake ulikuwa na nguvu ileile. Marieta naye alikwenda shamba la ujamaa kila siku na wenzake, akacheka walipomtania kwamba uzee unamnenepesha. Alikuwa anaifunga khanga juu sasa, chini ya matiti. Akikaa, alikaa kwa kujishika kiuno.

Wambura alianza kumsalimia tena, mwezi wa saba, wakati wa kuchuma.

Jioni moja walikuwa wanachambua pamba mlangoni, safi huku, fifi huku, Hana anatambaa katikati. Marieta alichomoa kitu kwenye pindo la khanga, akakiweka mapajani mwa Wankyo. Kilikuwa kimefungwa kwa karatasi, na karatasi bado ilikuwa na mafuta ya dukani.

"Umri wangu haufunguliwi hospitali," alisema. "Watanicheka. Watasema bibi kizee kapata wazimu."

"Mama."

"Sikiliza. Nikifa watakuita wewe, maana Wambura hana dada. Watakufungia mlango, mtabaki wawili. Utaona kama linacheza. Usitazame pembeni, mwanangu. Usitafute pamba."

Tumbo la mama yule lilisogea chini ya khanga, wazi kabisa, upande mmoja kwenda mwingine. Hana akaacha kutambaa, akalitazama, akacheka, akanyoosha mkono kuligusa.

Wankyo alimvuta mtoto wake, akampakata. Kisha akauchukua wembe, akaufunga kwenye pindo la khanga yake mwenyewe, wakaendelea kuchambua.